Sura ya Tano: Mackinnon Road ya Ghorofani

Ukienda kumzuru mjomba wangu kule Kibokoni, Mombasa, utavua viatu mlangoni kama nyumba yoyote ya Waswahili, upewe ndara. Ukifika ghorofa ya pili, mbele ya chumba cha mwisho, utavua na zile ndara. Humo ndani vumbi lipo la kutosha, tena jekundu, lakini limepangwa. Vumbi la miguu yako halina nafasi.

Chumba kina meza moja iliyobana ukuta mzima, urefu wake mita 4 na kidogo, upana sentimita 70. Juu yake kuna stesheni ya reli: nyumba ya ofisi yenye paa la mabati, tangi la maji juu ya miguu ya chuma, njia kuu na njia moja ya kupishania, miiba ya nyika, na upande wa barabara msikiti wenye kaburi ndani yake. Ncha zote mbili za meza zimefunikwa na vipande vya kanga kuukuu. Kanga ya kulia ndiyo Mombasa, ya kushoto ndiyo Nairobi. Treni hutokea nyuma ya moja ikapotelea nyuma ya nyingine.

Mgeni akishaingia humkazia macho mjomba, akingoja aone treni inazunguka. Haizunguki. Pengine haitapita treni yoyote kwa muda wa saa mbili, na mjomba hataona haja ya kuomba radhi. Atakuonyesha benchi, atakuletea kahawa chungu na kashata, kisha ataketi kwenye kiti chake akitazama saa ya ukutani. Wajukuu zake wanaoishi Likoni waliletwa mara ya kwanza wakirukaruka kwa furaha. Baada ya dakika 20 walikuwa uani wanacheza mpira.

Mjomba ana miaka 77. Aliingia kazini mwaka 1968, reli ikiwa bado ni ya Afrika Mashariki nzima, akavuka nayo ilipogawanywa mwaka 1977, akastaafu mwaka 2003 akiwa stesheni masta. Alizunguka stesheni nyingi za njia kuu baina ya Mombasa na Voi, lakini akisema "stesheni" bila kutaja jina, ana maana ya Mackinnon Road, kiasi cha kilomita 90 kutoka Mombasa, ambako alikaa miaka ambayo mkaza mjomba wangu huiita "ile miaka ya kunywa vumbi." Alipostaafu alifungua duka la vipuri vya baiskeli. Duka likafa. Akajaribu baraza, akacheza dhumna na wenzake, lakini kila baada ya muda akawa anaangalia saa, na wenzake wakaudhika, wakidhani amewachoka. Hakuwa amewachoka. Miaka 35 alikuwa mtu anayejua kitakachotokea saa 8:40, na sasa saa 8:40 haikuwa na kitu ndani yake.

Binti yake anaishi Reading, Uingereza, na nchi ile ina wazee wa namna hii kila mtaa. Mmoja ana reli darini, mwingine kwenye banda la bustani, mwingine chini ya kitanda. Wana vilabu, majarida na maonyesho, na ubishi wao juu ya rangi sahihi ya behewa la mwaka 1936 hauna tofauti na ubishi wa wavuvi wetu juu ya ngalawa. Mwaka 2013 binti alimtumia baba yake mita 6 za reli ndogo ndani ya boksi refu. Ofisi moja iliyokuwa na boksi hilo ilidai ushuru uliozidi thamani ya mzigo, ikataka pia kuelezwa reli hii inakwenda wapi. Mjomba akawajibu kwa heshima zote kwamba inatoka Mombasa kwenda Nairobi. Boksi likachelewa wiki tatu zaidi.

Kipimo alichokichagua ni 1:87, yaani kila milimita 3.5 ya mezani ni futi moja ya kweli. Sababu yake si mapenzi bali bei na upatikanaji. Reli yetu ya zamani ni ya upana wa mita moja. Ukiigawa mita moja kwa 87 unapata milimita 11 na nusu, na Wazungu wanatengeneza reli ndogo ya milimita 12 kwa ajili ya watu wanaoiga treni za milima ya Uswisi, ambazo nazo ni za mita moja. Kwa hiyo Mackinnon Road, nyika ya joto ambako mbuzi huhema kivulini, imetandikwa reli zilizokusudiwa kupita kwenye theluji. Tofauti ya nusu milimita humkera mjomba hadi leo. Mimi siioni. Yeye huiona akiwa amesimama mlangoni.

Siku moja alinitandikia hesabu. Ukipunguza urefu kwa 87, alisema, eneo unalipunguza kwa 7,569, na ujazo kwa 658,503. Reli yote ya Mombasa hadi Nairobi, kilomita 530, ingekuwa kilomita 6 na ushei: ingetoka chumbani humu, ivuke Makupa, ikome karibu na Changamwe. Binadamu anakuwa na kimo cha milimita 20. Jiwe la kokoto linakuwa chembe ya mchanga iliyopita kwenye chujio la chai, na kweli alilitumia chujio la chai, jambo ambalo halijasahauliwa jikoni.

"Lakini mende hapungui," akasema. Mende wa sentimita 4 akipita kwenye njia kuu ya Mackinnon Road ni mnyama wa mita 3 na nusu. Wale simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 wangemkimbia.

Nilicheka, ila baadaye nilianza kuona kwamba maisha yake yote ya humo chumbani ni mapatano na vitu vinavyokataa kupungua. Maji hayapungui: ukilimwaga tone moja mezani linasimama kama tungi, halitiririki, ndiyo sababu dimbwi chini ya tangi lake limetengenezwa kwa vanishi. Kutu ya bahari haipungui. Hewa ya Kibokoni huingia dirishani na chumvi yake ileile inayokula mabati ya meli, na reli zikishaingia utando mweusi hata upana wa unywele, umeme haupiti na injini husimama. Na saa, hasa saa, haipungui. Wenzake wa Uingereza na Marekani hutatua hilo kwa saa zilizoharakishwa, zinazokimbiza mchana mzima ndani ya muda wa chakula cha jioni. Mjomba alipoelezwa alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa riba.

"Saa ni saa," akasema. "Ukiiharakisha umeghushi rejista."

Kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, treni yake huenda sentimita 16 kwa sekunde. Meza nzima huimaliza kwa sekunde 26 isiposimama. Ratiba yake, aliyoiandika kwa kumbukumbu, ina treni tano kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: ni dakika chache za treni, na saa nyingi za stesheni.

Siku yake huanza kwa Alfajiri. Akirudi msikitini hunywa kahawa kwa muuzaji wa pembeni mwa njia, kisha hupanda juu kabla ya mahamri. Hufungua dirisha moja tu, la upande usio na upepo. Huchukua kitambaa kisicho na nyuzi, akakitia spiriti, akaipangusa reli kutoka kanga hadi kanga akiwa ameinama, mkono mmoja mgongoni, mwendo uleule wa mnyapara wa genge anayekagua njia. Akikuta kinyesi cha mjusi hukiandika kwenye rejista chini ya safu ya "Vizuizi Njiani." Nimeiona rejista hiyo. Ni daftari kubwa la karatasi za mistari, na saa zake ni za reli: 06:15, 14:40, 21:30. Mdomoni husema saa kumi na mbili na robo kama sote tusemavyo, mkono ukiandika 06:15. Sijawahi kumwona akikosea wala kusita. Lugha mbili za saa hukaa kichwani mwake bila kugongana, kama treni mbili zilizopishana vizuri.

Baada ya mahamri na mbaazi ndipo kazi za mikono huanza, nazo hudumu mpaka adhana ya adhuhuri. Hapa ndipo penye utamu, na hapa nitakaa kidogo.

Fahari ya stesheni ni injini moja, Garratt ya daraja la 59. Kwa asiyezijua: Beyer, Peacock ya Manchester ilizijenga 34 kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki, mwaka 1955 na 1956, na hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda kwenye reli yoyote ya mita moja duniani. Tani 252. Kila moja ilipewa jina la mlima wa nchi zetu tatu. Siri ya Garratt ni umbo lake. Injini ya kawaida hubeba boila juu ya magurudumu yake, kwa hiyo boila likikua magurudumu yanazidiwa na kona zinakuwa adui. Herbert William Garratt, Mwingereza, alilitundika boila katikati, kama machela, baina ya injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikizunguka kwenye mhimili wake. Hivyo lidude zito likapita kwenye reli nyembamba na kona kali, uzito wake ukigawanywa kwa magurudumu mengi. Kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, juu ya mita 1,600, zilivuta mizigo ya tani 1,200. Walipokuwa watoto mama yangu na mjomba waliitambua kwa mlio tu, kwa sababu injini mbili chini ya boila moja hazipumui pamoja siku zote. Hupishana, zikawa kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja, mara sawia, mara mmoja ametangulia.

Injini hiyo dukani hakuipata kwa bei ya mstaafu. Akaamua kuijenga. Mwaka 2018 alipanda treni mpya ya reli pana, ile iliyoanza mwaka 2017 na kuufuta usafiri wa abiria kwenye reli yake, akaenda Nairobi kwa saa tano badala ya usiku mzima. Nilimuuliza aliionaje. Akasema ni safi. Akanyamaza. Kisha akasema, "Haina stesheni, mwanangu. Ina viwanja vya ndege." Akashuka Syokimau, akabadilisha kwa treni ndogo ya kwenda mjini, na hiyo bado inapita kwenye njia ya mita moja, kwa hiyo, kwa maneno yake, safari ilianzia hapo.

Kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, imesimama Garratt namba 5918, Mount Gelai, iliyoitwa kwa mlima ulio karibu na Ziwa Natron, Tanzania. Mjomba alikaa nayo siku mbili na utepe wa fundi cherehani. Alipima ngazi, vishikio, misumari ya tangi, nafasi kati ya gurudumu na gurudumu. Mlinzi mmoja alimwuliza kama anataka kuinunua.

Urefu wa mita 31.7 ukawa sentimita 36 na nusu. Boila lilimtesa hadi alipogundua, akiwa chini ya sinki la jikoni akitengeneza uvujaji, kwamba bomba la plastiki la robo tatu ya inchi lina unene unaotakiwa karibu na unywele. Bomba likakatwa siku hiyohiyo, uvujaji ukasubiri. Matangi ni bati la kopo la maziwa, lililonyooshwa kwa chupa. Misumari ya matangi, mamia na mamia, ameigonga kwa ncha ya sindano kutoka upande wa ndani, mmoja baada ya mwingine, rula ikiwa pembeni. Mota mbili zilitoka kwenye injini za Uswisi zilizokufa, alizotafutiwa na binti. Rangi ni damu ya mzee, aliyoichanganya mara tisa mpaka ikakubali. Kisha akaigawa tani 252 za Kiingereza kwa 658,503, akapata gramu 389, akaiweka injini kwenye mizani ya muuza dhahabu wa jirani: gramu 240. Tofauti akaijaza kwa chubwi za mshipi, alizoziponda na kuzisokomeza ndani ya boila. Leo ina gramu 410. Anajua imezidi. Alikuwa na mpango wa kuitoa chubwi moja, mpaka alipoona jinsi inavyoondoka stesheni: polepole, kwa kusitasita, kama kitu kizito kweli. Akaiacha. Ni udanganyifu pekee anaoukiri.

Mvuke, bila shaka, haimo. Injini huendeshwa na volti 12 kutoka kwenye kisanduku kilichochomekwa ukutani. Wakenya tunauita umeme "stima," neno lililokuja pwani na meli za mvuke kisha likahamia kwenye nyaya. Kwa hiyo mjomba ana injini ya mvuke isiyo na mvuke, inayokwenda kwa stima, na stima ikipotea inasimama. Kiswahili hakioni tatizo lolote hapo.

Watu wa stesheni walikuja kwenye pakiti kutoka Ujerumani: wanaume wenye makoti na kofia za baridi, mwanamke mwenye vijiti vya kutelezea kwenye theluji. Mjomba aliwakwangua kwa wembe, akawavisha upya kwa karatasi ya shashi iliyochovywa gundi. Yule wa vijiti ana kanga sasa, na vijiti vimekuwa muwa wa kuuza. Wenye kanzu ni wanne, na kofia zao ni vichwa vya pini. Yupo hamali anayelala juu ya magunia, na mbuzi watatu, wawili juu ya njia, kinyume cha kanuni. Nilimtafuta stesheni masta nisimwone.

"Na wewe mjomba uko wapi?"

"Nimo ofisini," akajibu. "Treni haijafika, nitoke nje kufanya nini?"

Udongo ni wa kwelikweli. Alipanda matatu hadi Mackinnon Road na mtungi wa achari mtupu, akaujaza, akarudi. Aliupepeta, akaunyunyiza mezani, kisha akaugandisha kwa gundi ya seremala iliyochanganywa na maji na tone la sabuni ya vyombo, akidondosha kwa bomba la sindano. Bila sabuni, gundi hukaa juu ya vumbi kama mvua ya kwanza ya vuli inavyokaa juu ya nyika, haizami. Aliniambia hivyo akiwa na furaha ya mtu aliyekuta jambo moja ambalo mezani na nyika ya Taru vinafanana bila kulazimishwa.

Msikiti ulimchukua mwaka. Anayesafiri barabara ya Mombasa anaujua: upo hapo kandokando ya njia, na ndani yake kuna kaburi la Sayyid Baghali, mtu wa Punjab aliyekuja na ujenzi wa reli akiwa mnyapara. Wasimulizi husema alipobebeshwa karai la mawe, karai lilielea hewani juu ya kichwa chake, halikumgusa, na waliokuwa naye wakajua huyu si mtu wa kubebeshwa. Madereva wa malori na mabasi husimama hapo mpaka leo kuomba salama ya safari na kutoa sadaka. Zama za mjomba treni nazo zilipiga honi zikipita, dereva awe Mwislamu, Mkristo au Kalasinga. Kwenye msikiti wa mezani, pembeni mwa ukuta, mjomba amekata tundu jembamba kama la kibubu, na chini ya meza amefunga mkebe. Treni ikipita, aliyemo chumbani hutoa shilingi na kuidondosha. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia kwisha huufungua mkebe, akampa dereva wa basi anayemwamini afikishe zilizomo msikiti wenyewe. Wajukuu waliochoshwa na stesheni wakaipenda sehemu hiyo tu: shilingi kubwa kuliko mlango ikimezwa na ukuta.

Nikiwa najisomea mambo ya watu hawa nilikutana na habari za Peter Denny, kasisi wa Kianglikana aliyefariki mwaka 2009. Tangu miaka ya 1940 alikuwa akijenga reli ndogo aliyoiita tawi la Buckingham, akiiga miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na akaendelea nayo maisha yake yote. Reli hiyo iliendeshwa kwa kengele, stesheni kwa stesheni, kama ya kweli: huyu hupiga kuuliza njia, yule hujibu. Mwanawe Crispin alikuwa akishika stesheni moja. Alipokuwa hayupo, baba alitengeneza mashine iliyojibu kengele na kupokea treni kwa niaba yake, akaiita Crispin wa Kujiendesha. Nilimsimulia mjomba nikitarajia atacheka. Hakucheka. Aliuliza kama ile mashine iliwahi kukataa treni.

"Sidhani, mjomba. Ilijengwa ijibu."

"Basi haikuwa stesheni," akasema. "Mtu asiyeweza kukataa hawezi kutoa kibali."

Hapo lazima nieleze jambo la Buchuma.

Kwenye njia moja inayokwenda pande zote mbili, treni haiondoki stesheni mpaka stesheni ya mbele iseme njia ni nyeupe. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kuuza tikiti na kupepea bendera ni mapambo. Stesheni inayofuata baada ya Mackinnon Road, ukielekea Voi, ni Buchuma. Na mjomba ana Buchuma. Buchuma ni mstaafu mwenzake, anayeishi Voi mjini, asiye na meza, reli wala treni. Ana simu ya kitochi na daftari.

Treni ikiwa tayari kuondoka, mjomba humflash mara moja. Maana yake: upo? Mzee wa Voi naye huflash mara moja: nipo. Mjomba huflash mara mbili, kuuliza njia. Zikirudi mbili, njia ni nyeupe, na treni huondoka. Ikirudi moja, subiri. Hakuna anayepokea, kwa hiyo hakuna anayelipa hata senti. Wamefanya hivyo mara kadhaa kwa siku kwa zaidi ya miaka sita. Nilipomwuliza mzee wa Voi, tulipokutana harusini, huwa anaangalia nini kabla ya kujibu, alinitazama kana kwamba nimemwuliza anaangalia nini kabla ya kuvuka barabara. Ana ratiba. Kuna treni ya mizigo inayoshuka kutoka Nairobi ambayo lazima imfikie yeye kwanza. Treni hiyo haipo popote ila kwenye daftari lake, na huchelewa mara nyingi.

Mwaka jana, mwezi wa Machi, treni ya abiria ya usiku ilifika Mackinnon Road ya ghorofani saa tatu na nusu, ikasimama. Mjomba akaflash. Hakuna jibu. Akangoja robo saa kama kanuni, akaflash tena. Akaandika kwenye rejista: "Buchuma hajibu." Akalala. Asubuhi treni ilikuwa palepale, Garratt na mabehewa sita, pua yake mbele ya msikiti.

Mzee wa Voi alikuwa amelazwa. Moyo. Jamaa zake walipiga simu siku ya pili, na mjomba alipanda basi akaenda kumwona, akarudi siku hiyohiyo. Treni haikuguswa. Mkaza mjomba alikuwa akipangusa vumbi kuizunguka. Treni nyingine nne za ratiba zilifutwa kila siku, moja moja, kwa wino. Niliwahi kumwambia kwa upole kwamba anaweza kuipitisha tu, hakuna atakayejua. Aliniuliza kama nilipokuwa mwalimu niliwahi kumpa mtoto alama bila kusoma karatasi yake. Nikanyamaza.

Siku ya nane simu iliflash mara mbili. Mgonjwa alikuwa ameletewa simu yake wodini, na kitu cha kwanza alichofanya ni kutoa kibali. Mjomba akafurahi mpaka macho yakamlenga, akampigia, akapokelewa. Mimi nilikuwepo, nilisikia upande mmoja.

"Pole sana, bwana... Alhamdulillahi... Nimeziona. Nimeziona, ahsante. Lakini uko wodini... Najua njia ni nyeupe. Nasema hivi, uko wodini, huko zamuni... Sasa wewe ukiwa kitandani, Buchuma yuko nani?"

Wakabishana dakika 20. Nilishuka chini kunywa chai nikiwaacha. Nadhani ule ubishi ulimfaa mgonjwa kuliko dawa, ingawa muuguzi, kwa nilivyohadithiwa, hakuwa na maoni hayo.

Suluhisho alilitoa mzee wa Voi. Ana mjukuu wa kike, wa darasa la saba, anayekaa naye na kulijua lile daftari. Siku ya kumi na moja, baada ya Magharibi, binti alipiga simu kwa salio lake mwenyewe. Akaamkia. Akasema babu amemwambia ashike zamu mpaka arudi.

Mjomba akavaa miwani. Akamwuliza treni mbili zikitaka njia kwa wakati mmoja ipi itangulie. Akamwuliza akiona mbuzi njiani afanyeje. Akamwuliza treni ikiingia bila taa ya nyuma maana yake nini, na binti akajibu kwamba maana yake mabehewa mengine huenda yamebaki njiani, kwa hiyo njia si nyeupe hata ukiwa umeiona treni kwa macho yako. Mjomba akageuza uso akanitazama, nyusi juu. Akamwuliza swali la mwisho: akiflash na yeye yuko kwenye masomo ya jioni, je?

"Sitajibu," binti akasema. "Utangoja."

"Vyema," akasema mjomba. "Kata simu."

Akaflash mara moja. Ikarudi moja. Akaflash mbili. Zikapita sekunde nyingi. Sijui kule Voi alikuwa akitazama nini. Zikarudi mbili.

Mjomba akazungusha kitufe. Garratt ikajivuta, ikasita, ikajivuta tena, mabehewa yakakazana moja baada ya jingine. Mbele ya msikiti akapiga honi kwa mdomo, kama afanyavyo akidhani hakuna mgeni, na mimi nikadondosha shilingi. Taa nyekundu ya behewa la mwisho ikaingia nyuma ya kanga. Akaketi, akaandika: kuondoka 19:52, kuchelewa siku 10, saa 22, dakika 22. Kwenye safu ya sababu aliandika neno moja, nikashindwa kulisoma kwa sababu aliliziba kwa mkono akingoja wino ukauke.

"Imeenda?" mkaza mjomba akauliza kutoka ngazini.

"Imeenda."

"Basi teremka ule."